Kiekhaefer: Aliyegeuza injini 300 mbovu kuwa mtaji

Wamiliki wengi wa boti za mizigo na abiria huamini kuwa injini ikikosa nguvu, dawa ni kukata bomba la moshi au kulitoboa. Maisha ya Carl Kiekhaefer, mwasisi wa injini za Mercury, yanaonyesha kuwa njia ya moshi inaweza kweli kuongeza nguvu, lakini kwa hesabu na majaribio, si kwa kubahatisha.

Kiekhaefer alizaliwa Juni 1906 Mequon, jimbo la Wisconsin, Marekani, katika familia ya wakulima. Alikuwa fundi wa vifaa vya sumaku kabla ya kuamua kujitegemea. Mwaka 1939, yeye na baba yake walinunua kiwanda kilichofilisika mjini Cedarburg. Nia yake ilikuwa kutengeneza mashine za sumaku, si injini za boti.

Ndani ya kiwanda hicho alikuta injini 300 za kupachika boti ambazo mteja mkubwa, kampuni ya Montgomery Ward, alikuwa amezikataa kwa ubovu. Kiekhaefer alihitaji fedha taslimu. Badala ya kuziuza kama chuma chakavu, alizifungua, akarekebisha kasoro na kuzirudisha kwa mteja yule yule. Mteja alizipokea na kuagiza nyingine.

Oda hiyo ilibadili mwelekeo wa kiwanda. Mwaka 1940 alipeleka injini zenye jina la Mercury kwenye maonyesho ya boti ya New York, akarudi na oda za injini 16,000. Vita Kuu ya Pili ilipoingia, kiwanda kilitengeneza injini za misumeno kwa ajili ya jeshi.

Baada ya vita, ushindani ulikuwa mkali. Mwaka 1957 kampuni ilitoa injini ya silinda sita yenye nguvu za farasi 60. Wanunuzi walikuwa na shaka kama ingedumu. Kiekhaefer alijibu kwa kuikimbiza maili 50,000, sawa na kilomita 80,000 hivi, katika ziwa alilolifunga kwa siri huko Florida. Mafuta yalijazwa boti ikiwa mwendoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni yake ilileta mfumo wa kutoa moshi kupitia kitovu cha propela. Faida yake ni hii: moshi unatokea nyuma ya mapanga, hivyo hauingii kwenye maji yanayosukumwa na propela. Moshi ukiingia hapo, propela huzunguka kwa kasi lakini boti haisogei, na mafuta yanateketea bure. Kelele na harufu navyo hubaki chini ya maji.

Mfumo huo leo unatumika kwenye injini nyingi kubwa za kampuni mbalimbali. Mdomo uliopanuka nyuma ya propela husaidia kuvuta moshi na kuuzuia usirudi kwenye mapanga. Ukivunjika au ukikatwa, nguvu hupungua. Udhaifu wake ni pale boti inaporudi nyuma, maana moshi hukutana na mapanga na msukumo huwa hafifu. Nahodha anayeegesha boti yenye shehena hulazimika kulizingatia hilo.

Zipo propela zenye matundu madogo karibu na mapanga. Matundu hayo huachia moshi kidogo wakati wa kuondoka ili injini ipande mzunguko haraka boti ikiwa nzito. Lakini hupimwa kiwandani. Tundu likizidi, propela huteleza.

Kiekhaefer alikuwa bosi mkali, asiyekubali kushindwa. Hata kwenye mbio za magari za NASCAR, timu yake ilitwaa ubingwa wa 1955 na 1956. Hata hivyo, mwaka 1961 aliunganisha kampuni yake na Brunswick, na hapo akawa chini ya wakubwa wengine. Hakuzoea. Kufikia 1970 alikuwa ameondoka katika kampuni aliyoijenga kwa mikono yake, akaanzisha nyingine ya injini za boti za mwendo kasi.

Alifariki Oktoba 1983 akiwa na miaka 77. Mercury bado inatengeneza injini Fond du Lac, Wisconsin, na mzizi wa biashara yote hiyo ni zile injini 300 ambazo mteja alikuwa amezikataa.