Henryk Sienkiewicz: Bingwa wa Riwaya ya Mapenzi na Imani

Riwaya za mapenzi zinazozingatia maadili ya Kikristo zina wasomaji wengi, lakini hazina heshima kubwa miongoni mwa wahakiki. Hudaiwa kuwa wapenzi wanaosawiriwa humo ni wema kupita kiasi, kwamba taharuki yake hukatwa kwa sala, na kwamba historia iliyomo ni pambo tu. Madai hayo yana ukweli kuhusu vitabu vingi. Hata hivyo, msomaji anayetaka kuipima kazi ya aina hii kwa haki hana budi kurejelea maisha ya mmoja wa mabingwa wake, Henryk Sienkiewicz wa Poland, ambaye riwaya yake Quo Vadis ilidhihirisha kuwa mapenzi safi, imani na historia vyaweza kuubeba uchungu wa taifa zima.

Sienkiewicz alizaliwa tarehe 5 Mei 1846 katika kijiji cha Wola Okrzejska, katika ukoo wa makabaila waliokuwa wamefilisika. Wakati huo Poland haikuwamo katika ramani ya dunia. Tangu mwaka 1795 ilikuwa imegawanywa na madola matatu jirani, yaani Urusi, Prussia na Austria, na kijiji alichozaliwa kilikuwa chini ya Urusi. Mnamo 1863 Wapoland waliasi dhidi ya mtawala huyo wakashindwa, na baada ya hapo Kirusi kikashurutishwa katika ofisi na shule. Sienkiewicz alisomea Warsaw, akajaribu sheria na tiba, kisha akaangukia historia na fasihi. Mwaka 1869 chuo chake kiligeuzwa kuwa chuo kikuu cha Kirusi, naye akaondoka mwaka 1871 pasipo shahada. Alichotoka nacho ni kipawa cha kalamu na maumivu ya mtu anayeiona lugha yake ikifukuzwa darasani.

Alianza kama mwandishi wa habari, akitumia jina la kalamu la Litwos. Kati ya 1876 na 1878 alizuru Marekani, na barua zake za safari kutoka huko zilimpatia umaarufu. Aliporejea alimwoa Maria Szetkiewicz mwaka 1881, wakajaliwa watoto wawili. Mwaka 1883 alianza kuchapisha gazetini, sehemu baada ya sehemu, riwaya ya kwanza kati ya tatu za kihistoria zinazosimulia vita vya Poland vya karne ya 17. Wapoland waliokatazwa kuwa na nchi walikutana ndani ya kurasa hizo na nchi yao ikiwa hai, yenye wapandafarasi, ngome na wapenzi waliotenganishwa na vita.

Furaha ya umaarufu huo haikudumu. Maria aliugua kifua kikuu, na Sienkiewicz akawa anamzungusha katika miji ya tiba huku akiendelea kuandika riwaya ya pili. Maria alifariki mnamo Oktoba 1885 kabla riwaya haijakamilika. Miaka mitatu baadaye shabiki asiyejitambulisha alimtumia mtunzi rubo 15,000. Sienkiewicz hakuzitumia kwa manufaa yake, bali alianzisha hazina kwa jina la marehemu mkewe, ya kuwasaidia wasanii waliotishiwa na ugonjwa ule ule uliomuua.

Mwaka 1891 safari zake zilimfikisha katika pwani ya Waswahili. Baada ya kupitia Misri alifika Unguja, iliyokuwa imewekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka uliotangulia, kisha akavuka hadi Bagamoyo, ambako wamisionari Wakatoliki walikuwa na kituo kilichowapokea watumwa waliokombolewa. Homa ilimkatizia safari akarudi Ulaya, lakini barua zake kutoka Afrika zilichapishwa kuwa kitabu, na kumbukumbu za safari hiyo zilikaa akilini mwake kwa miaka ishirini kabla ya kuzaa riwaya.

Mnamo Novemba 1893 alioa tena, na wiki chache baadaye mke akamwacha. Kanisa liliibatilisha ndoa hiyo. Basi mtu aliyekaa kuandika mojawapo ya riwaya za mapenzi zilizosomwa mno duniani alikuwa amefiwa na mke wa kwanza na kuachwa na wa pili. Yasimuliwa kuwa wazo la riwaya lilipevuka alipokuwa Roma, pale mchoraji Henryk Siemiradzki alipomwonyesha kanisa dogo kando ya Barabara ya Appia, mahali ambapo mapokeo husema Mtume Petro, akikimbia mateso, alikutana na Kristo na kumwuliza anakokwenda. Swali hilo, katika Kilatini, ndilo jina la riwaya. Ilianza kutoka gazetini mwaka 1895 na kuwa kitabu mwaka 1896.

Msuko wa Quo Vadis umejengwa juu ya Roma ya Kaisari Nero. Marcus Vinicius, askari wa tabaka la juu, anamtamani Ligia, binti wa mfalme wa kigeni aliyewekwa Roma kama mateka na ambaye ni Mkristo kwa siri. Mapenzi ya Vinicius yanaanza kwa umilikaji. Anamtumia mjomba wake Petronius ili msichana aondolewe katika nyumba iliyomlea na kukabidhiwa kwake kama mali. Ligia anatoroka, na Vinicius anamsaka mji mzima. Anapovamia nyumba alimojificha ili amteke, mlinzi wa Ligia, jitu la miraba minne liitwalo Ursus, linamshinda na kumjeruhi. Hapo ndipo riwaya inapogeukia, kwa kuwa watu aliokuja kuwadhuru ndio wanaomfunga majeraha na kumwuguza. Kijana aliyezoea kuamrisha analala kitandani akijifunza kwamba kumpenda mtu ni kumtambua kuwa ana nafsi yake na hiari yake.

Usafi wa riwaya hii, kwa hiyo, hautokani na kuuficha uovu. Karamu za Nero zimo, ulevi umo, ukatili umo. Sienkiewicz anauonyesha uchafu ili msomaji auone uzito wa kuukataa. Taharuki nayo haikatwi kwa urahisi. Baada ya moto ulioiteketeza Roma mwaka 64, Wakristo wanasingiziwa na kuuawa mbele ya umati. Ligia anafungwa juu ya fahali mkali uwanjani, naye Ursus anapambana na mnyama huyo kwa mikono mitupu huku umati ukizuia pumzi. Aidha, mtunzi hakuwadunisha wasioamini. Petronius anaendelea kuwa mpagani hadi kufa, naye ni mmoja wa wahusika wenye haiba kuu katika riwaya. Watunzi wengi waliomwiga Sienkiewicz walishindwa kuwa na ukarimu huo.

Wahakiki wengi wameona kuwa kabila la Ligia, Walygii, liliwekwa makusudi katika eneo ambalo baadaye likawa Poland. Kwa msomaji wa Warsaw, Ligia na Ursus walikuwa watu wake, mateka wa dola kubwa wasiokana utu wao. Kilichoonekana kuwa kisa cha kale kilikuwa pia ahadi kwamba madola huanguka.

Riwaya hiyo ilitafsiriwa katika lugha zaidi ya hamsini na kuigizwa katika filamu mara kadhaa, zikiwemo za 1913, 1951 na 2001. Hata hivyo, kwa kuwa Urusi haikuwa imejiunga na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 unaolinda haki za watunzi, tafsiri nyingi zilichapishwa bila mtunzi kulipwa stahili yake. Mwaka 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Si sahihi kudhani, kama wengi wadhanivyo, kuwa tuzo ilitolewa kwa Quo Vadis peke yake. Ilitolewa kwa ubora wake wote kama mtunzi wa tendi za kinathari. Nyumbani hakukosa wapinzani. Bolesław Prus alikuwa ameikosoa mapema riwaya yake ya kwanza ya kihistoria, naye Stanisław Brzozowski alimwona mtunzi asiye na kina cha fikra.

Umaarufu wake aliutumia pia kuitetea lugha. Mwaka 1901, katika mji wa Września uliokuwa chini ya Prussia, watoto wa shule walichapwa kwa kukataa kufundishwa dini kwa Kijerumani. Sienkiewicz alipinga hadharani, na mwaka 1906 akamwandikia barua ya wazi Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani. Aliamini kwamba mtoto ananyang'anywa zaidi ya maneno anapozuiwa kusali kwa lugha ya mamaye.

Lakini mtetezi huyo alikuwa na doa lake. Mwaka 1911 alichapisha riwaya ya vijana ihusuyo jangwa na pori la Afrika. Staś, mvulana wa Kipoland, na Nel, msichana wa Kiingereza, wanatekwa nyakati za vita vya Mahdi nchini Sudan, wanatoroka na kuvuka bara hadi wanafikishwa Mombasa. Kiswahili kinatajwa humo, na mwandani wao Kali anatoka kando ya ziwa ambalo leo ni Turkana. Kali anasawiriwa kuwa mtu aaminiye kuwa kuibiwa ng'ombe ni uovu, ilhali kumwibia mwingine ni wema, na Wapoland wangali wakilitumia jina lake kwa maana hiyo. Waswahili wana methali yao: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo yamrudia mtunzi mwenyewe. Aliyelia kwa kuwa taifa lake lilitawaliwa alimchora Mwafrika kama mtoto wa kuongozwa na Mzungu, na utawala wa kigeni barani humu haukumkera kalamuni.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, alihamia Uswisi, na pamoja na mpiga kinanda Ignacy Paderewski akaongoza kamati ya kuwasaidia Wapoland walioathiriwa na vita. Alifariki mjini Vevey tarehe 15 Novemba 1916. Poland ilipata uhuru tarehe 11 Novemba 1918, miaka miwili kasoro siku nne baada ya kifo chake, na mwaka 1924 mwili wake ulirejeshwa kuzikwa Warsaw.

Maisha ya Sienkiewicz yanamwachia mwanafunzi wa fasihi mafunzo mawili. Kwanza, mapenzi safi si maudhui mepesi. Huwa mepesi pale mtunzi asipomgharimu mhusika chochote. Pili, moyo uliojaa huruma kwa walio wake waweza kuwa kipofu kwa wengine. Kumsoma bingwa huyu kwa haki ni kuyashika yote mawili, bila kuliacha moja kwa ajili ya lingine.