Francis Aston: aliyepima uzito wa atomi moja moja

Shinkolobwe iko kilometa kama 20 kutoka Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, Agosti 6, 1945, ilichimbwa pale. Miezi mitatu baadaye, Novemba 20, alifariki Cambridge, Uingereza, mtu ambaye chombo chake kilifundisha dunia kutenganisha atomi kwa uzito: Francis William Aston.

Alizaliwa mwaka 1877 Harborne, kando ya Birmingham. Kuanzia 1900 alikuwa mkemia katika kiwanda cha bia, akichunga uchachukaji kwa miaka mitatu. Mwaka 1910 akaenda Cambridge kumsaidia Profesa J. J. Thomson. Vita ya 1914 ikamtoa labo, ikampeleka kwenye kiwanda cha ndege.

Aliporudi, mwaka 1919, aliunda spektrografu ya masi. Atomi zinatiwa umeme, zinarushwa, kisha umeme na sumaku vinazipinda. Kila uzito unaacha alama yake kwenye bamba la picha. Gesi ya neoni, iliyodhaniwa kuwa na atomi za uzito wa 20.2, ikaonekana ni mchanganyiko wa 20 na 22. Kazi hiyo ilimpa Nobel ya Kemia mwaka 1922, na katika hotuba yake alionya kwamba nguvu ya atomi ingeweza kumponyoka binadamu.

Lakini kwa urani, mwaka 1931, Aston aliona 238 peke yake. Urani 235, isiyofika hata moja kwa mia, ilionekana mwaka 1935 na Arthur Dempster wa Chicago. Ndiyo iliyotafutwa kwa ajili ya bomu.

Hakuoa. Alipenda muziki, safari na kufuata kupatwa kwa jua.

Protini kubwa zilianza kupimwa vizuri kwa vyombo vya namna hii mwishoni mwa miaka ya 1980, zikiwemo enzaimu, zile zile zinazochachusha bia. Wataalamu huipa enzaimu dawa inayong'ang'ania mahali inapofanyia kazi, huikata vipande, kisha hupima kila kipande. Aspirini, kwa mfano, huacha mzigo wa uzito 42 kwenye asidi-amino iitwayo serini. Kipande kilichozidi 42 ndicho kinachokatwa tena, mpaka serini yenyewe ijulikane.