James Kraft, Mchuuzi wa Jibini



Ninyi mliotoka Masisi mnaijua jibini. Ile iliyosindikwa, inayouzwa madukani hapa Kampala katika vipande vyembamba, ilienezwa sana na Mkristo mmoja, James Lewis Kraft.

Alizaliwa mwaka 1874 huko Ontario, Kanada, katika familia ya wakulima Wamenonaiti yenye watoto 11. Alifanya kazi dukani, kisha akaweka akiba yake katika kampuni ya jibini ya mji wa Buffalo, Marekani. Mwaka 1903, alipokuwa Chicago kwa shughuli za kampuni hiyo, washirika wake walimtoa katika biashara. Akabaki katika mji wa ugeni na dola 65.

Alikodi farasi na mkokoteni. Kila asubuhi alinunua jibini sokoni kwa bei ya jumla, akawapelekea wenye maduka. Inasemekana mwaka wa kwanza alipata hasara ya dola 3,000, na farasi pia akampoteza. Hakuacha. Baadaye ndugu zake wakamfuata, na mwaka 1909 wakaandikisha kampuni.

Kraft aliona kwamba jibini inakauka na kuharibika upesi, hasa wakati wa joto. Akaanza kuisaga, kuipasha moto huku akiikoroga, na kuifunga katika makopo. Huko Uswisi njia ya namna hiyo ilikuwa imepatikana mwaka 1911. Yeye alipata hataza yake mwaka 1916. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, jeshi la Marekani lilinunua makopo hayo kwa wingi.

Alipotajirika hakuacha kufundisha shule ya Jumapili katika kanisa lake la Kibaptisti, na alitoa sehemu kubwa ya mapato yake kwa kazi ya Mungu. Alifariki mwaka 1953.

Wapendwa, sisemi kwamba kila aombaye atapata kiwanda. Wako waliotoa hata pesa ya kodi ya nyumba kwa ahadi kama hiyo, wakabaki wanalia. Kraft hakukimbia risasi kama sisi, lakini yeye pia alingoja miaka 11 kabla ya kufungua kiwanda chake cha kwanza mwaka 1914. Kwa hiyo mama uliyezunguka Kampala na vitenge kichwani, ukarudi jioni bila kuuza hata kimoja, usidhani Mungu amekukataa. Kesho toka tena. Nasi jirani zako, tusikuache ulale njaa.