Frederick Kilgour

Frederick Gridley Kilgour (Springfield, Massachusetts, 6 Januari 1914 – Chapel Hill, North Carolina, 31 Julai 2006) alikuwa mkutubi, mwanahistoria wa sayansi na mwalimu wa chuo kikuu kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa OCLC, shirika lililounganisha maktaba za vyuo kwa njia ya kompyuta, na wa katalogi ya pamoja ambayo leo inaitwa WorldCat.

Maisha ya awali

Kilgour alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka 1935. Badala ya kwenda maabara, alibaki chuoni hapo kama mfanyakazi wa maktaba. Huko alianza kujaribu kadi zenye matundu, zilizosomwa na mashine, ili kufuatilia vitabu vilivyoazimwa. Alijifunza pia historia ya sayansi kwa George Sarton, mmoja wa waasisi wa fani hiyo. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Margaret Beach.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa afisa wa jeshi la majini na alitumikia OSS, idara ya ujasusi ya Marekani. Aliongoza kazi ya kukusanya magazeti, majarida na vitabu kutoka nchi za adui na nchi zisizofungamana na upande wowote. Machapisho hayo yalipigwa picha kwenye filamu ndogo ili yafike haraka Washington.

Yale

Mwaka 1948 Kilgour alichukua uongozi wa Maktaba ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Yale. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maktaba hiyo ilishirikiana na maktaba za tiba za Harvard na Columbia katika mradi wa kutengeneza kadi za katalogi kwa kompyuta. Mradi haukudumu, lakini ulimpa Kilgour uzoefu alioutumia baadaye. Mwaka 1965 alipewa jukumu la utafiti na maendeleo katika maktaba za Yale.

Tatizo lililomshughulisha lilikuwa la gharama. Kitabu kilekile kilipofika katika maktaba nyingi, kila moja ilikiorodhesha upya: mkutubi aliandika jina la mwandishi, kichwa, mada na mahali pa kitabu kwenye rafu, kisha kadi zikachapwa na kupangwa kwenye droo. Kazi hiyo hiyo ililipiwa mara nyingi. Msomaji naye aliona vitabu vya maktaba yake tu, hata kama kitabu alichokihitaji kilikuwa katika chuo cha jirani.

OCLC

Mwaka 1967 vyuo na vyuo vikuu 54 vya jimbo la Ohio vilianzisha Ohio College Library Center, kwa kifupi OCLC, na kumwajiri Kilgour kukiongoza. Alianza kazi katika ofisi ndani ya maktaba kuu ya Ohio State University, mjini Columbus. Malengo yalikuwa mawili: kuwarahisishia wasomaji kupata vitabu na kupunguza kasi ya kupanda kwa gharama za maktaba.

Mpango wake ulikuwa kwamba maktaba ya kwanza kupokea kitabu ikiorodheshe katika kompyuta ya pamoja. Maktaba nyingine zingechukua taarifa hizo, kuzirekebisha kulingana na mahitaji yao na kuagiza kadi zilizochapishwa tayari. Taarifa ziliwekwa katika muundo wa MARC, uliotayarishwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya uongozi wa Henriette Avram.

Tarehe 26 Agosti 1971 Maktaba ya Alden ya Ohio University, mjini Athens, ilianza kuorodhesha vitabu kwa kuunganishwa na kompyuta ya Columbus kupitia laini ya simu. Siku hiyo viliorodheshwa vitabu 133. Katika mwaka wa kwanza maktaba hiyo iliongeza idadi ya vitabu ilivyoorodhesha kwa theluthi moja, huku nafasi 17 za kazi zikipunguzwa.

Mfumo ulienea nje ya Ohio, na mwaka 1977 utaratibu wa uongozi ulibadilishwa ili maktaba za majimbo mengine ziwe wanachama. Mwaka 1979 iliongezwa huduma ya kuazimana vitabu kati ya maktaba: mkutubi aliweza kuona ni maktaba gani inacho kitabu na kutuma ombi hapohapo.

Ukosoaji

Si wakutubi wote walioridhika. Kwa kuwa kila mwanachama aliweza kuingiza taarifa, kosa la maktaba moja lilizifikia nyingine zote, na kitabu kimoja kiliweza kuorodheshwa zaidi ya mara moja. Wengine walisikitika kwamba maktaba zilikuwa zikiacha taratibu zao za uorodheshaji zilizojengwa kwa miaka mingi ili kufuata zile za pamoja.

Miaka ya mwisho

Kilgour aliacha urais wa OCLC mwaka 1980, lakini alibaki katika bodi yake hadi 1995. Kuanzia mwaka 1990 alifundisha katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, akastaafu mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 90. Kitabu chake The Evolution of the Book, kuhusu historia ya kitabu tangu mabamba ya udongo hadi kompyuta, kilitolewa mwaka 1998. Alifariki Chapel Hill akiwa na umri wa miaka 92.

Tuzo na kumbukumbu

Alipata tuzo kadhaa za Chama cha Maktaba cha Marekani, zikiwemo Tuzo ya Margaret Mann (1974) na Tuzo ya Melvil Dewey (1978). Jengo kuu la OCLC huko Dublin, Ohio, lina jina lake, na tuzo ya utafiti wa teknolojia ya maktaba pia iliitwa kwa jina lake. OCLC ilichapisha kadi zake za mwisho za katalogi mwezi Oktoba 2015, lakini katalogi ya pamoja inaendelea kutumiwa na maktaba za nchi nyingi.