Habari za Hans Egede na Bibi Gertrud, Waliokaa Greenland

Nchi ya Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko visiwa vyote vya dunia, nacho kiko kaskazini sana, hata karibu nchi yote imefunikwa na barafu, na watu hukaa kandokando ya bahari tu. Zamani hapakuwa na shamba wala mti wa kufaa kukatwa boriti. Wenyeji waliishi kwa samaki na kwa sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi: nyama yake waliila, ngozi yake waliifanya nguo na mitumbwi, na mafuta yake waliyawasha katika taa za mawe. Katika nchi hiyo mchungaji mmoja wa Kilutheri alifanya kazi miaka kumi na mitano pamoja na mkewe, na mke akafa huko huko. Habari zao zafaa kujulikana na walimu wetu, kwa kuwa kazi yao haikuendelea kwa njia waliyoitazamia.

Hans Egede alizaliwa tarehe 31 Januari 1686 huko Harstad, upande wa kaskazini wa Norwei. Siku zile Norwei ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Alisoma elimu ya dini Copenhagen, na mwaka 1707 akawekwa kuwa mchungaji wa Vågan, katika visiwa vya Lofoten, watu wavuvi. Mwaka ule ule alimwoa Gertrud Rask, aliyemzidi umri kwa miaka kumi na mitatu.

Huko Vågan akaanza kusumbuliwa na habari moja ya kale. Alikuwa amesoma kwamba watu wa Norwei walihamia Greenland zamani, wakawa Wakristo, wakajenga makanisa; kisha merikebu zikaacha kwenda kwao, na kwa miaka karibu mia tatu hakuna aliyejua habari zao. Egede akawaza: je, watu hawa wa damu yetu wako hai? Nani anawahubiria? Tena hawajapata kusikia habari ya matengenezo ya Kanisa katika siku za Luther. Wazo hili halikumwacha usiku wala mchana.

Bibi Gertrud hakulipenda wazo hilo hata kidogo. Walikuwa na watoto wadogo, na jamaa zao walimwandikia barua za kumlaumu mumewe. Alilia, akamsihi akae katika usharika wake. Lakini baadaye palitokea chuki na taabu katika mahali walipokaa, na Gertrud akaanza kujiuliza kama Mungu anawang'oa kwa mkono wake. Akaomba kwa muda mrefu, akakubali. Tangu siku ile moyo wake haukugeuka tena. Mwaka 1718, walipokuwa wakiuacha usharika, ni Hans aliyetetemeka, na mkewe ndiye aliyemtia nguvu. Mtu akisimulia habari za Egede pasipo kumtaja mwanamke huyu, hasimulii kweli.

Walikaa Bergen wakiomba msaada. Wakati ule palikuwa na vita na Uswidi, na wafanya biashara hawakutaka kutoa fedha zao. Vita ilipokwisha, kampuni ikaundwa kwa ajili ya biashara ya Greenland, na mfalme Frederik wa Nne akamweka Egede kuwa mmishenari. Mwanzoni mwa Mei 1721 wakasafiri katika merikebu iitwayo Haabet, maana yake Tumaini, pamoja na watoto wao wanne na watu wapatao arobaini. Hans alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, Gertrud arobaini na minane. Walipokaribia nchi barafu iliwazunguka pande zote. Merikebu ndogo iliyofuatana nao ikatobolewa, mabaharia wakaziba tundu kwa nguo. Tarehe 3 Julai wakatia nanga.

Waliwatafuta watu wa Norwei, wasiwaone. Waliowaona ni watu wa kabila jingine, Wainuiti, wenye lugha ambayo hakuna mzungu aliyeijua vema. Mwaka 1723 Egede alisafiri kwa mashua kwenda kusini, safari ya majuma mengi kati ya visiwa na barafu, akitafuta mabaki ya watu wake. Alifika Hvalsey akaona kuta za kanisa la mawe zikisimama bado, wala mtu hayumo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya safari yake yote, ukuta mtupu. Mwingine angalirudi kwao. Yeye alirudi kwa wale aliowakuta, akajifunza lugha yao.

Kujifunza kulikuwa kazi ngumu. Alikwenda kulala katika nyumba zao wakati wa baridi, nyumba za mawe na majani ya udongo, watu wengi pamoja, na harufu ya mafuta ya sili ilimwumiza kichwa. Mwanawe Poul, aliyekuwa mtoto, alicheza na watoto wa wenyeji akaijua lugha upesi kuliko baba yake. Akachora picha za habari za Biblia, na baba akazieleza kwa maneno machache aliyokuwa nayo. Siku ya mwaka mpya 1725 alibatizwa kijana mmoja akaitwa Frederik Christian, naye akasaidia kuwafundisha watoto. Hivyo mwalimu mwenyeji alikuwako karibu tangu mwanzo.

Lakini haifai kuficha neno lingine. Egede alikuwa mtu mkali. Aliwachukia waganga wa wenyeji, na mara nyingine alitumia fimbo juu yao. Watu walimsikiliza, wengine kwa kicheko, wengine kwa hofu. Mioyo ilifunguka kidogo sana.

Taabu nyingine ilikuwa njaa. Merikebu za chakula zilikuja mara moja kwa mwaka, nazo zilichelewa. Katika mwaka 1722 watu wa kampuni walikata tamaa kabisa, wakaazimu kurudi kwao. Egede mwenyewe alianza kulegea. Bibi Gertrud akakataa kufunga mizigo, akawaambia kwamba merikebu itakuja. Ikaja mwezi wa Juni.

Mwaka 1727 kampuni ikafilisika. Mwaka uliofuata mfalme akampeleka gavana na askari na farasi, wapate kuivuka nchi juu ya barafu. Farasi juu ya barafu! Wale wanyama walikufa, na askari wengi wakafa kwa kiseyeye. Wakati huo makao yalihamishwa kutoka kisiwani kwenda bara, mahali palipoitwa Godthåb, ndipo mji mkuu wa Nuuk ulipo. Kisha mfalme Frederik akafa mwaka 1730, na mfalme mpya, Christian wa Sita, akatoa amri mwaka 1731 wazungu wote warudi. Egede aliruhusiwa kukaa kama akipenda, kwa chakula cha mwaka mmoja, pasipo ahadi ya msaada wa baadaye. Wengine wakaingia merikebuni. Yeye na Gertrud wakabaki pamoja na watu wachache.

Mwaka 1733 ikaja furaha: mfalme amebadili shauri, atatoa fedha kila mwaka kwa ajili ya misheni. Pia wakaja Wamoravian watatu kutoka Herrnhut (ni kanisa lile lililofika Rungwe mwaka 1891). Lakini pamoja na merikebu za mwaka ule alirudi kijana mmoja wa Greenland aliyekuwa amepelekwa Denmark, naye alikuwa na ndui mwilini pasipo kujua. Alikwenda huku na huku kuwaamkia ndugu zake. Mwezi wa Septemba akafa, na baada yake wakaanza kufa wengine.

Wenyeji hawakuwa wamepata kuujua ugonjwa huo, wala miili yao haikuwa na nguvu ya kuuzuia. Kiu na maumivu viliwafanya wengine kujitupa baharini. Egede alipeleka habari kwamba watu wasihame. Lakini walikimbia kwa hofu, na walikokimbilia wakaipeleka ndui. Alizunguka kwa mashua katika baridi kali, kutoka kisiwa hata kisiwa, akakuta nyumba tupu, na maiti ndani na nje juu ya theluji. Katika kisiwa kimoja walibaki msichana mmoja mwenye ndui na ndugu zake wadogo watatu. Baba yao alikuwa amewazika watu wote wa mahali pale. Kisha akajilaza mwenyewe katika kaburi la mawe pamoja na mtoto mchanga aliyekuwa mgonjwa, akamwamuru binti yake amfunike kwa ngozi na mawe, ili mbweha na kunguru wasimle. Aliwaachia watoto sili wawili na samaki wakavu, wapate kuishi hata wafike kwa wazungu. Egede akawachukua nyumbani kwake.

Nyumba yake ilikuwa imekwisha kujaa. Wagonjwa walilala katika vyumba vyote, na Gertrud, mwenye umri wa miaka sitini, aliwaosha vidonda, akawapa maji na chakula, akakesha nao, kisha akasaidia kuwatengeneza waliokufa. Hao Wamoravian walipougua nao aliwapelekea vitu vya kuwatia nguvu, ingawa mumewe na wao walikuwa wakishindana sana juu ya mafundisho. Kazi hii ilidumu tangu Septemba hata Juni 1734. Egede alikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya elfu mbili na elfu tatu.

Mtu mmoja aliyekuwa akimdhihaki Egede alipokuwa mzima, alipolala katika nyumba ile karibu na kufa alimwambia kwamba amewatendea mema kuliko jamaa zao wenyewe, kwa maana amewalisha wenye njaa, na kuwazika wafu ambao wangeliwa na mbwa na kunguru. Kwa miaka kumi na miwili maneno ya mhubiri hayakuifikia mioyo kama kazi ya mikono ya mkewe ilivyoifikia katika majira yale. Walakini ugonjwa wenyewe uliletwa na merikebu zile zile za wazungu, na Egede alilijua hilo. Nadhani ni kwa ajili hiyo hakupata raha tena katika nchi ile.

Poul alirudi mwaka 1734 kutoka masomoni, akashika kazi ya baba yake. Gertrud hakupona uchovu wake. Alifariki tarehe 21 Desemba 1735. Julai 1736 Hans alihubiri mara ya mwisho, na neno alilochagua ni Isaya 49:4. Atakayeufungua mstari huo ataona jinsi moyo wake ulivyokuwa. Kisha akasafiri kwenda Copenhagen na jeneza la mkewe, akamzika katika kanisa la Nikolai.

Huko akafundisha vijana waliotaka kwenda Greenland, akapewa usimamizi wa misheni na jina la askofu, na mwaka 1747 akatoa Katekisimo kwa lugha ya wenyeji. Poul alimaliza kutafsiri Agano Jipya, likachapwa mwaka 1766. Watu wa Greenland wenyewe wameshindana juu ya Hans Egede: mwaka 2020 sanamu yake katika Nuuk ilimwagiwa rangi nyekundu, kwa kuwa wengine humwona kuwa ndiye aliyefungua mlango wa kutawaliwa na wageni, watu wa mji wakapiga kura, walio wengi wakataka ibaki.

Hans Egede alifariki tarehe 5 Novemba 1758 katika kisiwa cha Falster, kwa binti yake. Alikuwa ameagiza asizikwe huko. Wakamchukua hata Copenhagen, wakamlaza karibu na Gertrud.