Ndugu Laurent, Mtu wa Jikoni

Wengi wetu tunadhani Mungu tulimwacha kule nyumbani, katika kanisa lililobaki bila watu. Basi tumkumbuke Nicolas Herman wa Lorraine, nchi iliyokanyagwa na Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648).

Akiwa na miaka 18, siku moja ya baridi, aliona mti usio na majani akawaza kwamba yatachipuka tena. Hapo moyo wake ukageuka, wala hakuwa kanisani. Baadaye alikuwa askari. Maadui walimkamata wakimdhania mpelelezi, wakataka kumnyonga. Walimwachilia, lakini vitani alijeruhiwa mguu, akachechemea hadi kufa.

Mwaka 1640 aliingia kwa watawa Wakarmeli wa Paris, akaitwa Ndugu Laurent. (Ndiyo, alikuwa Mkatoliki, tusimkimbie kwa hilo.) Wakamtia jikoni. Kazi ile hakuipenda hata kidogo, lakini aliifanya miaka kama 15, akizungumza na Mungu katikati ya masufuria, huku watu wakiita kila upande. Alishuhudia kwamba saa ya kazi na saa ya sala kwake zilikuwa moja. Hata mayai kikaangoni aliyageuza kwa kumpenda Mungu. Alipotumwa Burgundy kununua divai, ndani ya mashua mguu ulimshinda, ikabidi ajiviringishe juu ya mapipa. Safari hiyo pia alikuwa amemkabidhi Mungu.

Uzeeni alishona viatu vya watawa. Alikufa Februari 1691. Barua zake chache padri mmoja alizikusanya, nasi Waprotestanti tunazisoma hadi leo.