Knud Rasmussen na wawindaji wa Thule

Zinapotajwa nchi za Ncha ya Kaskazini, wanafunzi wetu huwakumbuka upesi wale walioshindana kusimika bendera kwenye barafu. Ni wachache wanaomkumbuka Knud Rasmussen, ilhali maisha yake yanatufunza zaidi juu ya wenyeji waliokuwako kabla ya bendera yoyote.

Rasmussen alizaliwa mwaka wa 1879 mjini Jakobshavn, ambao leo huitwa Ilulissat, magharibi mwa Greenland. Baba yake alikuwa kasisi kutoka Denmark, na upande wa mama alikuwa na damu ya Wainuiti. Alikua miongoni mwa watoto wa wawindaji, akaijua lugha yao na kuendesha sleji za mbwa tangu utotoni.

Mnamo 1910, yeye na mwenzake Peter Freuchen walifungua duka kaskazini-magharibi mwa kisiwa hicho, wakaliita Thule. Wawindaji wa Kiinughuit walileta ngozi za mbweha, wakarudi na bunduki, risasi, visu, sufuria na mbao. Faida ilisaidia kugharimia safari za utafiti. Katika safari ya tano, ya 1921 hadi 1924, Rasmussen alivuka Kanada kwa sleji hadi Alaska, pamoja na wenyeji wawili, Qaavigarsuaq na mwanamke aitwaye Arnarulunguaq. Kote huko alinakili hadithi, nyimbo na imani za watu kwa lugha waliyozisimulia.

Hata hivyo, tusimsifu tukafumba macho. Duka lile lilikuwa neema, lakini pia lilikuwa mtego. Mwindaji aliyemtegemea sili kwa chakula, mavazi na mafuta ya taa, sasa alitegemea pia bei ya ngozi iliyopangwa Ulaya. Kwa upande mwingine, ni katika miaka hiyo ya 1920 lilipoundwa baraza la wawindaji ili wenyeji washiriki kuamua mambo yao.

Rasmussen alifariki mwaka wa 1933, akiwa na umri wa miaka 54. Serikali ya Denmark ililitwaa duka mwaka wa 1937. Mnamo 1951 Marekani ilianza kujenga kituo kikubwa cha kijeshi papo hapo, na mwaka wa 1953 wenyeji zaidi ya 100 wakahamishwa hadi Qaanaaq, zaidi ya kilomita 100 kaskazini, wakipewa siku chache tu za kufungasha. Fidia waliipata kwa amri ya mahakama mnamo 1999, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa.

Leo barafu ya bahari inapungua, na msimu wa sleji unazidi kuwa mfupi. Wageni nao wanayatamani madini ya Greenland. Ndipo tunapouona uzito wa maisha ya Rasmussen: aliingia kwa watu akiwa anaijua lugha yao na akawasikiliza. Waliomfuata walikuja na ramani tu. Mwalimu anayefundisha jiografia asiishie kwenye ramani. Awaulize wanafunzi wake ni nani aishiye pale, na kama aliulizwa.